Sarafu za Shaba za Efeso Enzi za Warumi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Wengi wanaoniuliza kuhusu sarafu hizi wamezifikia kupitia Biblia: wamesoma ghasia za Efeso katika Matendo ya Mitume, kisha wakaona picha ya sarafu yenye Artemi na wakataka kujua zaidi. Wengine wameletewa moja na ndugu aliyetembelea Uturuki, nao wanataka kujua kama wameletewa kitu au takataka. Majibu hayalingani urefu. Swali lenye mambo nimekaa nalo, jepesi nimelipita.

Efeso hii ndiyo ile ya Paulo?

Ndiyo hiyohiyo. Magofu yake yako karibu na mji wa Selçuk, magharibi ya Uturuki. Enzi hizo ulikuwa mji wa bandari na makao ya liwali wa Kirumi aliyetawala jimbo la Asia. Neno Asia lisikuchanganye, maana wakati huo halikuwa bara zima bali kipande cha magharibi ya Uturuki ya leo. Warumi walikipata kwa wosia: mwaka 133 KK mfalme Attalos III wa Pergamo alikufa bila mrithi na kuwaachia ufalme wake. Bandari yenyewe imekwisha kuzibwa na tope la mto Kaystros, na leo bahari iko mbali kilomita kadhaa.

Kwa nini mji upige sarafu zake wakati Roma ilikuwa na sarafu?

Kwa sababu Roma haikujali chenji za watu. Iliangalia dhahabu na fedha, maana ndizo zilizolipa askari na kodi. Sarafu ndogo za kununulia mkate, mboga na kuingilia hamamu, upande wa mashariki wa dola, ziliachiwa miji yenyewe. Miji zaidi ya 500 ilipiga sarafu kwa wakati mmoja au mwingine chini ya Warumi, na mingi kati yake haikuzidi shaba.

Shaba hiyo haikusafiri mbali. Ukitoka Efeso na mfuko wa sarafu za Efeso, siku chache barabarani unaanza kukutana na wauzaji wanaozigeuzageuza na kukurudishia. Kwangu mimi hapo ndipo utamu wake ulipo. Sarafu ya fedha ya Roma ilipaswa kueleweka kuanzia Uingereza hadi Shamu, kwa hiyo ilisema mambo ya jumla. Ya Efeso ilisomwa na Waefeso na majirani zao, basi ikajaa mambo ya nyumbani: mto wetu, mlima wetu, ugomvi wetu na Smirna, mji jirani.

Ni shaba kweli?

Ni shaba iliyochanganywa na bati, na mara nyingi risasi ikaongezwa ili mchanganyiko uyeyuke vizuri na gharama ipungue. Ndogo kabisa zina upana wa milimita 15 hivi na ni nyepesi. Kubwa za karne ya 2 na ya 3 hupita milimita 30 na huujaza mkono. Rangi ya kijani au kahawia unayoiona leo ni ya miaka mingi ardhini. Ilipotoka mikononi mwa mfuaji, ilimetameta kama sinia jipya.

Moja ilinunua nini?

Jina la sarafu ya msingi lilikuwa asarioni. Umekwisha kuisoma bila kujua: katika Mathayo 10:29, mashomoro wawili wanauzwa kwa "senti moja", na neno la Kigiriki pale ni asarioni. Dinari ya fedha, ambayo katika mfano wa shamba la mizabibu ni ujira wa kibarua kwa siku, ilikuwa na asarioni 16 kwa hesabu rasmi ya Kirumi.

Ila mtaani hesabu rasmi ni kitu kimoja na meza ya mvunja fedha ni kitu kingine. Kuna maandishi ya mawe yaliyopatikana Pergamo, ya enzi za Kaisari Hadrian, yanayoonyesha biashara hiyo waziwazi. Wavunja fedha wa pale walikuwa na haki ya pekee waliyopewa na mji. Ukiwaletea dinari wakupe chenji, walikupa asarioni 17. Ukitaka dinari, uliwapa asarioni 18. Ile moja katikati ilikuwa faida yao. Hawakutosheka, wakaanza kuwabana wafanyabiashara wadogo, wakiwemo wauza samaki, mpaka malalamiko yakamfikia mkubwa wa Kirumi na yeye akatoa uamuzi. Mji wa Mylasa nao, mwanzoni mwa karne ya 3, ulipitisha sheria dhidi ya wanaovunja fedha kwa magendo: aliye huru alitozwa faini, mtumwa alichapwa viboko. Anayedhani soko la magendo la fedha lilianza na dola ya Marekani asome mawe haya.

Zilitengenezwaje?

Kwanza viliandaliwa vidonge vya shaba vya uzito unaokaribiana. Mchongaji alichora mihuri miwili kinyumenyume. Mmoja ulipachikwa kwenye fuawe, mwingine ulishikwa kwa mkono. Kidonge kiliwekwa katikati, kikapigwa nyundo. Muhuri wa juu ndio ulioumia, kwa hiyo ulichakaa na kubadilishwa upesi. Ndiyo maana unaweza kukuta sarafu tatu zenye uso uleule wa Kaisari, kila mstari wa mchongo uleule, na migongo mitatu tofauti.

Ukiishika ya karne ya 2 au ya 3, iinamishie kwenye mwanga. Mara nyingi utaona kishimo cha mviringo katikati, pande zote mbili, kama mtu alijaribu kuitoboa akaghairi. Si kasoro wala si alama ya mwizi. Ni mahali kidonge kiliposhikwa kikisawazishwa kabla ya kupigwa. Wakati mwingine kishimo kimeangukia shavuni kwa Kaisari kabisa, naye akaonekana ana kovu la ndui.

Mwaka 1972 kitabu cha Mjerumani Konrad Kraft kilionyesha jambo lililowashangaza wengi: miji tofauti ya eneo hilo ilitumia mihuri ileile ya upande wa kichwa. Maana yake, si kila mji ulikuwa na karakana yake. Mafundi wachache walihudumia miji mingi. Walikuja na uso wa Kaisari tayari, wewe ukawaambia unataka nini mgongoni.

Nasomaje maandishi yake?

Lugha ni Kigiriki, ingawa mtawala ni Mrumi. Anza mgongoni. Tafuta ΕΦΕCΙΩΝ, yaani "ya Waefeso". Ile C ni S ya Kigiriki ilivyoandikwa enzi hizo, usiisome kama C yetu. Kwenye sarafu za mapema utakuta ΕΦ au ΕΦΕ tu. Upande wa kichwa huwa ΑΥΤ, kifupi cha mtawala mkuu, kisha ΚΑΙ, yaani Kaisari, kisha jina. Herufi moja iliyosimama peke yake karibu na neno refu huenda ni tarakimu: Β ni mbili, Γ tatu, Δ nne.

Fedha iliyopigwa eneo hilohilo kwa amri ya Roma ilisema Kilatini. Chini ya Kaisari Claudius kuna vipande vikubwa vya fedha, vya thamani ya dinari tatu, vyenye hekalu na maneno DIANA EPHESIA. Mungu ni yuleyule Artemi, ila kwenye fedha amevaa jina la Kirumi na kwenye shaba amebaki na la kwao.

Neno ΝΕΩΚΟΡΩΝ ninaloliona kila mahali ni nini?

Hili ndilo swali ninalolipenda. Neokoro mwanzoni alikuwa mhudumu wa hekalu: anafagia, anafungua milango, anatunza vyombo. Kazi ya chini kabisa. Baadaye likageuka cheo cha mji mzima, na cheo chenyewe kikagombaniwa kama kombe.

Fungua Matendo 19:35. Watu wamejaa ukumbini mwa michezo, wamepiga kelele muda wa saa mbili wakimsifu Artemi. Anasimama karani wa mji, anawatuliza, anawauliza: ni nani asiyejua kwamba mji wa Efeso ni mtunzaji wa hekalu la Artemi? Hapo "mtunzaji wa hekalu" katika Kigiriki ni neokoro. Sasa chukua sarafu ya shaba ya Efeso ya enzi za Nero, iliyopigwa mwaka 65 au 66 hivi, liwali akiwa Aviola. Juu yake mji unajiita neokoro, neno lilelile, miaka kama kumi hivi baada ya Paulo kupita pale.

Na yule karani? Naye yupo. Cheo chake, grammateus, kimeandikwa kwenye shaba ya Efeso tangu siku za Antonius, Octavian na Lepidus, wale watatu walioitawala Roma kwa pamoja, waliochorwa vichwa vitatu vimebanana upande mmoja, huku mgongoni akisimama Artemi. Zile za Augustus na mkewe Livia zina ayala (yule wa Zaburi ya 42) na jina la karani wa wakati huo. Kwa hiyo anayesoma sura ile akadhani karani ni kijana wa kuandika barua amekosea. Alikuwa mmoja wa wakubwa wa mji, mtu wa kutia jina lake kwenye pesa.

Kuhusu ile ya Nero wataalamu hubishana kama neokoro imekusudia hekalu la Artemi au la Kaisari. Baadaye ubishi unakwisha: cheo kikawa kinatolewa kwa mji ulioruhusiwa kumjengea Kaisari hekalu la jimbo. Efeso ilipata lake chini ya Domitian, likawekwa wakfu mwaka 89 au 90. La pili lilikuja chini ya Hadrian, na sarafu zikaanza kujigamba "neokoro mara mbili". Pergamo ilikuwa inahesabu, Smirna inahesabu, Efeso inahesabu. Alipotawala Caracalla, wakapewa cha tatu, safari hii kwa ajili ya Artemi mwenyewe, na shaba ikatangaza hivyo bila haya. Elagabalus akawaongezea cha nne. Wakapiga sarafu zinazosema wao peke yao kati ya miji yote ndio neokoro mara nne. Mwaka 222 Elagabalus akauawa, kumbukumbu yake ikafutwa, na cheo cha nne kikaondoka naye. Hesabu kwenye sarafu ikarudi tatu, mpaka siku za Valerian ilipopanda tena nne.

Faida yake kwa mtunza sarafu: hata kama uso wa Kaisari umesuguliwa hautambuliki, ukiisoma ile namba unajua umesimama karne gani, wakati mwingine hata miaka gani.

Yule Artemi mbona amesimama kama nguzo?

Kwa sababu anayeonyeshwa ni sanamu ya hekaluni, ya kale, ambayo Waefeso waliiheshimu hivyo ilivyo. Usimtafute msichana mwindaji mwenye upinde, ingawa huyo naye yupo kwenye baadhi ya sarafu. Sanamu ina mwili ulionyooka na uliofungwa kama maiti ya sanda, kichwani kofia ndefu, mikono imetandazwa na kutoka kila mkono imening'inia mikanda ya sufu hadi chini. Kandokando husimama ayala wawili. Kifuani kuna safu za vitu vya mviringo. Wengine wamesema matiti, wengine mayai, wengine korodani za mafahali wa sadaka. Kwenye sarafu ni nukta tu, hazimsaidii yeyote kushinda ubishi.

Hekalu lake lilihesabiwa miongoni mwa maajabu saba ya dunia, na mwandishi wa Kirumi Plinius anataja nguzo 127. Kwenye sarafu utahesabu nne, sita au nane. Mchongaji alikuwa na nafasi ya kucha mbili: akazipunguza nguzo, akazisogeza pembeni, apate mahali pa kumsimamisha Artemi mlangoni aonekane. Hata hivyo hakuwa mzembe, maana kwenye pembetatu ya juu ya paa alichora matundu madogo, na hekalu halisi linaaminika kuwa na madirisha pale.

Mbali na Artemi wana nini?

Nyuki, kwanza. Ni alama ya mji kuliko zote na ni ya zamani kuliko Warumi. Fedha ya Efeso ya karne ya 4 KK ina nyuki upande mmoja, na upande wa pili ayala na mtende. Ukipata nyuki pasipo Kaisari, usikimbilie kusema ni ya Kirumi.

Halafu nguruwe mwitu. Hadithi yao ni kwamba Androklos, mwana wa mfalme wa Athene, aliambiwa na waaguzi wa miungu ajenge mji pale samaki na nguruwe watakapomwonyesha. Wavuvi wakawa wanachoma samaki, mmoja akaruka na kaa la moto, kichaka kikawaka, nguruwe akakurupuka. Androklos akamfukuza na kumwua, akajenga. Kwenye shaba utamwona na mkuki, au utamwona nguruwe peke yake na mkuki umemkaa mwilini.

Heraclitus naye yupo, mwanafalsafa wao, ameshika rungu. Mtu aliyeishi akiwadharau Waefeso wenzake wakamtia kwenye pesa zao miaka mia saba hivi baadaye!

Ila nikiambiwa nichague moja, ni ya Antoninus Pius yenye neno ΠΕΙΩΝ. Zeus ameketi juu, kutoka mkononi mwake inanyesha mvua, mistari midogo inayoshuka, na chini amelala mzee ambaye ni mlima Pion mwenyewe, anapokea. Mlima huo upo hadi leo, unaitwa Panayır Dağı, na ukumbi ule wa ghasia umechimbwa ubavuni mwake. Aliyeagiza sarafu hiyo alijua kiangazi cha pale kinavyokausha.

Kuna sarafu zenye majina ya miji miwili. Ziliunganishwa?

Hapana. Ni sarafu za "mapatano", na huandikwa ΟΜΟΝΟΙΑ. Efeso ina za kwake na Smirna, na Pergamo, hata na Aleksandria ya Misri: chini ya Gordian III, Artemi anaonekana pamoja na Sarapis wa Misri.

Zile za Efeso na Smirna zisome kwa tabasamu. Antoninus Pius aliwahi kuwaandikia Waefeso barua, na nakala yake ya jiwe ipo: walikuwa wamelalamika kwamba Smirna, katika hati fulani, haikuwataja kwa vyeo vyao kamili. Kaisari akawajibu kwamba anaona Smirna ilisahau tu, na kwamba siku zijazo itawataja vizuri, mradi nao Waefeso wakiiandikia Smirna wafanye vivyo hivyo. Dola nzima mabegani mwake, naye anasuluhisha mambo ya salamu.

Demetrio wa Matendo ndiye aliyezifua?

La. Yeye alikuwa mfua fedha, na bidhaa yake ilikuwa vihekalu vidogo vya fedha vya Artemi.

Sarafu yangu ya mji jirani na Efeso ina uso uliokwanguliwa. Nani kafanya hivyo?

Kama kichwa kimoja kati ya viwili kimefutwa na kingine kimeachwa, fikiria Geta, Kaisari aliyetawala pamoja na kaka yake. Kaka huyo, Caracalla, alimwua mwaka 211 na kuamuru asikumbukwe. Stratonikeia, kusini ya Efeso, waliichukulia amri hiyo kwa uzito hata kwenye shaba: walikwangua uso wa Geta, wakaigonga sarafu mhuri mdogo juu, ikaendelea kutumika.

Ziliisha lini?

Enzi za Kaisari Gallienus, miaka ya 260. Mambo mawili yalikutana. Magothi, watu wa kaskazini nje ya dola, walikuja kwa meli mwaka 262 hivi, wakapora na kulichoma hekalu la Artemi. Lakini hata wasingekuja, shaba ilikuwa imekwisha kuelemewa. Roma ilikuwa ikipunguza fedha kwenye sarafu zake mwaka hadi mwaka, mpaka mwisho wa utawala wa Gallienus fedha halisi ilikuwa chini ya 5%, sarafu ya shaba iliyopakwa weupe tu. Sasa kipande kikubwa cha shaba ya Efeso kilikuwa na shaba ya bei kubwa kuliko thamani yake sokoni. Nani apige sarafu inayomtia hasara kabla haijatoka karakanani? Miji michache ya kusini, kama Perge na Side, ilijikokota hadi miaka ya 270, kisha kimya.

Nisafishe kwa ndimu?

Tafadhali usifanye hivyo. Nasema kwa uchungu. Sarafu yangu ya kwanza ya Efeso ilikuwa na ayala mzuri kwenye ngozi ya kijani kibichi. Nikaifanyia kama sinia la mama wakati wa sikukuu: ndimu na majivu. Baada ya nusu saa ilikuwa ya waridi kama kidonda, na ayala amebaki miguu. Michoro mingi ya shaba ya kale imehifadhiwa ndani ya ile ngozi ya kijani, siyo chini yake. Ukiiondoa umeondoa picha.

Iloweke kwenye maji yaliyochujwa madini, ubadilishe kila siku chache, kisha usugue udongo kwa njiti ya mti laini. Inatosha. Ukiona unga wa kijani hafifu unaochipuka na kurudi kila ukiufuta, hiyo si ngozi, ni chumvi inayoila shaba kutoka ndani. Itenge na wenzake, iweke pakavu, umwone mtu wa makumbusho.

Ndugu yangu alinunua moja palepale magofuni. Ni halali?

Uwezekano mkubwa ni ya bandia. Ichunguze ukingoni: mstari mwembamba unaozunguka pembeni yote ni wa kalibu mbili zilizounganishwa, yaani ilimiminwa, haikupigwa nyundo. Vitundu vidogo kama vya mkate uliovimba husema jambo hilohilo. Kama ni ya bandia, bahati yake, maana kama ingekuwa halisi angekuwa taabuni. Sheria ya Uturuki namba 2863 ya mwaka 1983 inazihesabu sarafu hizi kuwa mali ya taifa, hazitoki nchini, na hata mwananchi aliyeiokota shambani ana siku tatu za kutoa taarifa. Ukaguzi wa uwanja wa ndege hauna utani kwa hili.

Anayetaka kuziangalia kwa uhuru aende makumbusho ya Selçuk, au atazame bure kwenye intaneti orodha ya sarafu za majimbo ya Roma inayotunzwa na Chuo Kikuu cha Oxford. Andika jina la mji, chagua Kaisari, picha zinakuja na uzito wake.